Mzigua wa Kiseke Kwenye Kilima cha Nyang'holo

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa heshima zote. Ukishasoma, nyamaza. Usimwambie mama yangu. Usimwambie bosi wangu. Usiwaambie majirani wa Kiseke, na hasa usimwambie Venant. Kama wewe ndiye Venant, aibu ikushike, funga hapo hapo!

Sasa naeleza kwa utulivu. Sina utulivu.

Mimi ni Suhaib, karani wa mkataba katika ofisi moja ya utalii hapa Mwanza. Makarani wa mkataba tuko wawili, mimi na Venant. Leo asubuhi bosi wetu, Bi Wilhelmina, ametuita, hakutukaribisha viti, akasema mwisho wa mwezi anabaki mmoja. Mmoja! Ofisi inatengeneza kijitabu cha maajabu ya asili yasiyojulikana kwenye vilima vyetu. Hataki mawe ya ufukweni ambayo kila aliyewahi kushuka mjini amepiga nayo picha. Anataka kitu ambacho hata sisi wenyeji tukikiona tutashika mdomo. Atakayekileta, kiti ni chake. Mwenzake awasalimie nyumbani.

Nina shahada. Venant ana stashahada na sauti kubwa. Mama amekwisha waambia wanawake wote wa msikitini kwamba nimeajiriwa moja kwa moja. Nikikosa kiti hiki, nakwenda kwa binamu yangu Iqbal, mwenye duka la vipuri, nikafute vumbi kwenye plagi za pikipiki huku ananiita Profesa mbele ya wateja. Bora niugue.

Kilima ninacho. Kinaitwa Nyang'holo, mbele kidogo ya Kisesa. Inasemekana kina maajabu yake, lakini wenyeji hawamwonyeshi mgeni. Mwezi uliopita Venant alikwenda. Wakamnywesha maziwa, wakamsifia shati, wakamsindikiza mpaka barabarani. Hakuona hata kokoto.

Lakini mimi nimefikiri. Mgeni haonyeshwi. Mtani je? Mtani si mgeni! Mtani anaingia bila hodi, anafunua chungu, anakalia kiti cha mwenye nyumba, na hakuna wa kumuuliza. Wasukuma na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Basi kuanzia kesho mimi ni Mzigua wa Handeni.

Handeni sijafika. Kwetu ni watu wa mjini tu. Babu katoka Ujiji, bibi Mkerewe, na upande wa mama kuna Mwarabu mmoja ambaye kila shangazi humtaja kwa jina tofauti. Tangu shule ya msingi nikiulizwa kabila natoka jasho. Safari hii nina jibu.

Mpango hauna dosari.

Jumanne, 4 Juni

Una dosari.

Nimefika asubuhi nikiwa na suruali iliyonyooshwa, viatu vyeusi vya ofisini, na mfuko wenye bandeji, dawa ya kuhara, dawa ya kusafishia mikono, mwavuli na filimbi (kwa ajili ya ng'ombe). Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Shimba, mtu mrefu asiyecheka, akanipokea uani kwake. Akaniuliza natokea wapi na mimi ni kabila gani. Nikakohoa. Nikasema Mzigua, wa Handeni, ofisi ya utalii imenituma kuona kilima.

Akanitazama kuanzia chini kwenda juu. Kisha akageukia jikoni akapaza sauti: "Mama! Njoo uone, Mzigua amejileta mwenyewe!"

Wametoka watu sijui walikuwa wamejificha wapi. Vigelegele! Mama yake, Bibi Ng'washi, kikongwe mwembamba mwenye mikono ya chuma, akaniuliza wako wapi ng'ombe ambao babu zake waliwaachia babu zangu wawatunze wakati wa misafara. Nikasema sijui. Akawageukia wenzake, akatangaza kwamba nimekiri tumewala. Nikamwamkia shikamoo. Akasema Mzigua haitikiwi marahaba, Mzigua anatumwa maji.

Kisha akanivua viatu. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake! Akavivaa. Vinamtosha! Ameshinda navyo mchana kutwa akipitapita mbele yangu, akiniuliza kama vinampendeza.

Nikafungua mdomo nilalamike. Mzee Shimba akasema polepole kwamba mtani akikasirika, basi huyo si mtani, ni mgeni, na wageni husindikizwa barabarani. Nikafunga mdomo. Nikacheka. Kicheko kimenitoka kama kikohozi cha mbuzi.

Nimechota maji peku. Mtu mwenye shahada! Malazi yangu ni stoo ya karanga, na ndani yake kuna mbuzi ambaye ni wazi alikuwa mpangaji wa kwanza.

Jumatano, 5 Juni

Leo wamenipandisha kilimani. Bibi Ng'washi mbele, ndani ya viatu vyangu. Mimi nyuma, ndani ya ndala zake. Nyuma yangu wanawake wa kitongoji kizima, kana kwamba tunapeleka bibi harusi.

Lazima niwe mkweli, kilima ni cha kutisha na ni kizuri. Mawe makubwa kama nyumba yamepandiana bila mpango. Moja limesimama juu ya jingine kwa ncha tu, unaona mwanga kati yao. Nikauliza kama halijawahi kuanguka. Bibi Ng'washi akasema linamsubiri Mzigua apite. Nimepita nikisoma dua zote ninazozijua, nyingine mara mbili.

Ajabu la kwanza: mjusi. Si yule wa ukutani. Huyu ni mjusi kafiri, dume, kichwa hadi kifua rangi ya waridi iliyoiva, kuanzia kiunoni bluu, kama mtu aliyeazima shati huku na suruali kule. Amekaa juu ya mwamba, ananitazama. Mimi na mijusi hatuelewani tangu utotoni. Bibi Ng'washi akanieleza, kwa uso wa msiba, kwamba hawa ndio walinzi wa kilima. Asiyewaamkia hapiti, na ukiwaamkia wanaitikia. Nikasita. Akaniuliza kama Handeni hatufundishwi adabu.

Nikainama. Nikasema shikamoo.

Akaitikia! Akainua kichwa, akashusha, akainua, akashusha. Nikamwamkia tena. Nikamwamkia mkewe, wa rangi ya udongo, aliyekuwa kivulini. Nikawaulizia na watoto. Nilipogeuka nyuma nikakuta wanawake wamekaa chini, wameshikana mabega, wanalia kwa kicheko.

Mjusi huyo huinua na kushusha kichwa siku nzima. Anaamkia mawe. Anaamkia nzi! Na mimi, mtu wa dini, nimempigia magoti kiumbe anayeitwa kafiri.

Nimecheka nao. Ndani nachemka.

Alhamisi, 6 Juni

Ya leo sitaki kuyaandika. Nayaandika kwa sababu dhuluma isipoandikwa hurudiwa.

Upande wa magharibi wa kilima kuna mwamba mrefu wenye michirizi myeupe kuanzia juu hadi chini. Inang'aa juani kana kwamba mtu amesimama kileleni akamwaga chokaa. Hiki hapa! Nikauliza ni nini. Bibi Ng'washi akasema ni chumvi ya mlima, inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Wazee waliitia kwenye mboga. Mwenye ugonjwa wa woga akiilamba, anapona.

Woga! Ugonjwa wangu kabisa!

Nikamuuliza kama ananitania. Akaapa. Nikamuuliza tena. Akanipangusa vumbi begani kwa upole, akasema, "Hili si utani, mjukuu wangu." Mzee Shimba naye akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama hakimu.

Nimelamba.

Ni mkojo wa pimbi. Pimbi, wale wanyama walio kama sungura aliyekatwa masikio, wanaishi kwenye nyufa za mwamba ule, ukoo kwa ukoo, na wote wanakojoa mahali pamoja, miaka nenda miaka rudi, mkojo unakauka unakuwa mweupe. Kitongoji kizima wanajua. Watoto wanaonyonya wanajua! Mimi nimejua pale pimbi mmoja alipotokeza juu yangu, akanitazama, akageuka, akaliongezea ajabu lake.

Nimemeza dawa yote ya kuhara. Nimesukutua kwa dawa ya kusafishia mikono, nikajuta. Mzee Shimba, mtu asiyecheka, alilazimika kuegemea ng'ombe. Alipopata pumzi akanishika bega, akaniambia Mzigua halisi hulamba mara ya pili ili ahakikishe.

Kwa sheria gani? Mtu anauliza kwa adabu, anaapiwa, anapanguswa vumbi, halafu mkojo! Nimekunywa uji wao. Nimecheka. Nimekwenda kuchota maji.

Jumamosi, 8 Juni

Kuna msiba. Jana mchana amefariki Mzee Yeremia, mdogo wake Bibi Ng'washi, aliyeugua muda mrefu. Nikafungasha mfuko wangu ili nisiwasumbue wafiwa (na, nakiri hapa peke yake, ili nikimbie). Mzee Shimba akaniuliza naenda wapi. Nikasema mjini. Akasema, msiba una mtani nyumbani, halafu mtani anakwenda mjini? Nikamuuliza mtani ana kazi gani msibani. Kwa mara ya kwanza alinitazama kwa mashaka. Nikasema aa, natania, mzee, kazi naijua.

Kazi sikuijua.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wanapozidiwa na kilio, mtani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuwavunja. Anamgombeza marehemu kwa kuondoka bila kuaga. Anawanyang'anya wachimbaji majembe. Na kaburi likishakuwa tayari, anaingia yeye kwanza. Analala. Anakataa kutoka mpaka wafiwa wambembeleze.

Kaburi! Mimi, ninayepanda ngazi kwa kuogopa lifti!

Sikuingia. Niliingizwa. Nikajikuta nimelala chali, udongo mbichi unateremka kwenye kola, juu kipande cha mbingu na duara la vichwa vinavyosubiri nichekeshe. Nikaanza kulia. Si kilio cha kuigiza, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni. Nikasema naomba kutoka. Nikasema Mzee Yeremia, njoo mwenyewe, mimi humu siwezi, humu kuna siafu! Nikasema nina mama Kiseke! Nikaapa kwamba kama kufa ndiyo huku, basi mimi sifi, waandike jina langu pembeni.

Mmoja akapasuka kwa kicheko. Wakafuata wote. Wanawake ambao hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu jana walijishika mbavu. Mchungaji alitazama upande wa pili, mabega yanatikisika. Na Bibi Ng'washi, ambaye tangu jana hakuwa ametoa sauti yoyote, si neno si kilio, alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka yakageuka yakawa ya kweli, akamlilia mdogo wake kwa sauti, wanawake wakamshika pande zote.

Wakanirushia michembe, vile viazi vya kukausha, ili nikubali kutoka. Nilikuwa nimekubali tangu mwanzo!

Watu wamenipa mkono. Wamesema hawajawahi kupata mtani hodari hivi. Sikutania hata neno moja! Na hakuna aliyeniuliza mimi najisikiaje.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi Bibi Ng'washi amenirudishia viatu. Amevipaka mafuta. Akakaa karibu nami, hakutania. Akasema tangu mdogo wake afariki kifua chake kilikuwa kimefungwa, na mimi ndiye niliyekifungua. Akasema ng'ombe wa babu zake ametusamehe. Na sasa atanionyesha kitu ambacho yule kijana mwingine wa ofisini hawakumwonyesha.

Juu kabisa kileleni, akasema, kuna jiwe bapa, refu kama kitanda, limelala juu ya mawe madogo bila kugusa ardhi. Ukiligonga kwa jiwe jingine, linalia. Linalia kama kengele ya kanisa, na sauti inafika ziwani. Kila sehemu ya jiwe ina sauti yake, na pana vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa na watu wa zamani waliokuwa wakiitia mvua. Yeremia ndiye aliyekuwa akiligonga kila mwaka. Akataka twende kabla jua halijawa kali.

"Hili si utani, mjukuu wangu."

Haya! Maneno yale yale! Alhamisi hili si utani, leo hili si utani! Jiwe linalia! Niligonge, halafu litoke nini, nyuki? Niweke sikio, anikojolee nani? Nilipomtazama usoni niliona ametulia kabisa, ana huzuni kidogo, na ndipo nilipojua kwamba huu ndio utani mkubwa kuliko wote, wameutengenezea hata uso.

Nikamwambia kwa adabu kwamba magoti yananiuma. Akasema haya, pole. Akaondoka na fimbo yake.

Kwa mara ya kwanza kwenye kilima hiki sikudanganyika. Najivunia!

Alasiri Venant kanipigia simu. Alikuwa na pango lake upande wa Buhongwa, alilojigamba nalo wiki nzima. Kumbe mwenye shamba anafugia kuku humo, na amemtoa mbio. Sauti yake imekuwa ndogo. Akaniuliza kama nimepata chochote. Akaniita kaka. Kaka!

Wazo likanijia, zuri kiasi kwamba nililazimika kukaa. Nikamwambia kwa huruma kwamba nina vivutio viwili, na kimoja namwachia kwa moyo mweupe. Nikamweleza jiwe linalolia. Nikamshauri kwamba Ijumaa, Bi Wilhelmina atakapokuja kukagua vivutio vyetu, amsimamishe kileleni, atoe hotuba, asiligonge kabla, aligonge mbele yake. Alishukuru mpaka sauti ikamkatika.

Nimetabasamu peke yangu mpaka mbuzi amesogea mbali nami.

Jumatano, 12 Juni

Maandalizi. Kivutio changu kitaitwa Mijusi Waitikia Salamu wa Nyang'holo. Kama kimemdanganya mwenye shahada, kitashindwaje kumdanganya bosi?

Nimechagua dume mmoja mwenye waridi iliyokolea kuliko wote. Nimempa cheo cha Mkurugenzi. Namletea nzi waliokufa, namsukumia kwa ncha ya mwavuli nikiwa nimefumba jicho moja. Anawala. Kisha naamkia, naye anainua kichwa. Mara nyingine anainua kabla sijaamkia. Tutarekebisha.

Mzee Shimba amenikuta. Akauliza kama sijaambiwa kwamba ulikuwa utani. Nikasema najua. Akauliza, basi sasa namwamkia kwa nini? Nikasema ni mambo ya ofisi. Akaenda zake akitikisa kichwa. Hawa watu hawaelewi mipango.

Ijumaa, 14 Juni

Dhuluma! Dhuluma!

Bi Wilhelmina amefika na gari la ofisi na raba nyeupe miguuni. Venant amevaa tai. Tai, mlimani! Kitongoji kizima kikatusindikiza, maana wageni wa mtani hawafukuzwi.

Nikaanza mimi. Mkurugenzi alikuwa mahali pake. Nikatoa maelezo, nikamwomba Bi Wilhelmina aamkie. Akauliza amwamkie nani. Nikasema mjusi. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau nikiwa hai. Akasema shikamoo ni ya mkubwa, na kama kuna anayepaswa kuamkia hapa, ni mjusi. Mkurugenzi akaingia kwenye ufa na hakutoka tena. Baada ya nzi wote wale! Bi Wilhelmina akasema rangi zake ni nzuri sana, ila wenzake anawaona kila siku juu ya ukuta wa choo cha ofisi.

Ikafika zamu ya Venant. Tukapanda hadi kileleni. Jiwe bapa lilikuwapo kweli, refu kama kitanda, juu ya mawe madogo. Venant akatoa hotuba. Akaokota jiwe. Nikarudi nyuma, kwa ajili ya nyuki.

Akagonga.

Siwezi kueleza vizuri. Ni jiwe, nimeliona kwa macho yangu, jiwe la kijivu lenye ukurutu kama mengine. Limetoa sauti safi ya chuma, ndefu, iliyoingilia kwenye nyayo ikatokea utosini. Pimbi wakanyamaza. Ng'ombe kule chini wakainua vichwa. Sauti ikateremka juu ya mashamba, ikaenda zake ziwani. Akagonga kwenye kishimo kingine, ikatoka sauti nyembamba zaidi, ya pili yake, kana kwamba ya kwanza imeuliza na hii inajibu. Bi Wilhelmina akashika mdomo. Kama alivyosema mwenyewe ofisini! Akavua miwani, akaliwekea jiwe kiganja kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

Bibi Ng'washi alikuwa amesimama pembeni. Hakunicheka. Afadhali angenicheka! Nikamwendea, nikamuuliza kwa uchungu kwa nini hakuniambia kwamba ni kweli.

Akasema aliniambia.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikampigia kelele Bi Wilhelmina kwamba jiwe ni langu, niliambiwa mimi kwanza, niliambiwa kwa haki ya utani, mimi Mzigua! Bi Wilhelmina akashangaa mbele ya watu wote. "Mzigua wa wapi? Suhaib, si mtoto wa Kiseke wewe? Mama yako si tunakutana naye sokoni kila Jumamosi?"

Mzee Shimba akanitazama kama siku ile ya kwanza, kutoka chini kwenda juu. Akauliza, basi aliyelala kwenye kaburi la Yeremia ni nani? Mtani akilala kaburini ni heshima. Asiye mtani akilala, ni nini? Hakuna aliyejua kosa hilo linaitwaje. Wakakaa kikao pale pale juu ya mwamba, mimi katikati, nimekumbatia mwavuli. Mmoja alidai nitozwe ng'ombe. Mwingine alisema ng'ombe hatoshi, kaburi lisafishwe na mimi nioshwe. Nilijaribu kusema nimeshaoga. Hawakunisikiliza.

Bibi Ng'washi akawakata. Akasema machozi ya mle ndani yalikuwa ya kweli, yeye aliyasikia, na hayakuuliza kabila. Akasema niwe Mzigua, nisiwe Mzigua, mtu aliyekwisha fanya kazi ya mtani ni mtani. Kwa hiyo kuanzia leo hadi nitakapokufa mimi ni mtani wa Nyang'holo, na msiba wowote utakaotokea hapa nitaitwa kuingia.

Wakapiga makofi. Wamechukua namba yangu ya simu, na mmoja akauliza kama nakaa karibu na barabara, maana shangazi yake hali yake si nzuri.

Ndivyo nilivyohukumiwa. Bila wakili!

Kiti kapewa Venant. Ndani ya gari amemweleza Bi Wilhelmina kwamba mimi ndiye niliyemwelekeza kwenye jiwe, kwa moyo mweupe. Bi Wilhelmina akaguswa. Akasema kwa moyo kama huo atanisaidia: nikileta kitu cha maana kutoka kilima kingine kabla ya mwisho wa mwezi, ataniombea nafasi kwa rafiki yake, katika ofisi ya wilaya jirani. Venant akanikumbatia. Kanikumbatia! Tai yake inanuka mafuta ya nywele.

Jumapili, 16 Juni

Nipo nyumbani Kiseke. Kesho Idd. Mama anapika na kuimba, bado hajui kitu. Iqbal amepita kuuliza kama Profesa anajua kutofautisha plagi ya zamani na mpya.

Nimetafakari kwa kina, kama mtu aliyesoma. Nimelipata kosa langu, na ninalikiri kiume: nilichagua undugu usiofaa. Mtani anataniwa, ndiyo kazi yake! Swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo ni hili: ni nani asiyetaniwa kabisa?

Mkwe!

Mkwe havuliwi viatu. Mkwe analetewa maji ya kunawa, anachinjiwa kuku, anapewa kiti chenye mgongo. Hakuna mama mkwe duniani atakayemlambisha mkwe mwamba.

Nyuma ya Buhongwa kuna kilima ambacho juu yake, kwenye jiwe tupu, kuna kisima kisichokauka hata kiangazi. Wenyeji wanakificha. Chini ya kilima anakaa Mzee Alexander, mwenye mabinti wakubwa, Teodora na Gladness. Nitafika kama mposaji. Nitanawa, nitakula kuku, nitaonyeshwa kisima kama mtu wa nyumbani, nitapiga picha, nitashukuru, nitaondoka. Sioni kitakachokwenda kombo. Nimeshampigia simu. Alisema kwa upole kwamba wanawe wa kiume, yaani kaka zao mabinti, watanipokea njiani, na kwamba yeye akishapokea posa huwa hairudishi. Familia yenye msimamo! Napenda.

Limebaki jambo moja. Mposaji haendi peke yake, lazima awe na mshenga. Iqbal amekataa. Venant ameniambia yuko tayari hata leo, lakini nitakufa kwanza. Kwa hiyo daftari hili naliacha makusudi kwenye benchi la stendi ya Buhongwa. Wewe uliyeliokota umeshajua kila kitu na umeshaombwa kunyamaza. Hakuna anayefaa kuliko wewe.

Njoo Jumatano asubuhi. Simu usinipigie, nimeizima kwa sababu ya watu wa Nyang'holo. Hapo stendi chukua bodaboda, mwambie kwa Mzee Alexander, nyumba ya bati jekundu chini ya kilima, ukiona vijana wanne wamesimama njiani umefika. Usiulize Suhaib. Uliza mkwe. Vaa koti, tembea polepole, usicheke. Wewe ni mjomba wangu mkubwa kutoka Bukoba, tuna migomba mingi na hatuna haraka.

Kihaya utajifunza njiani.